Kupeleka shoo ya uchekeshaji Tabora: tengeneza viti na sauti kwanza

Mchekeshaji anayeanza kupata jina Dar es Salaam akija Tabora na ukumbi ukapooza, lawama huwa mbili. Wenyeji watasema jamaa hachekeshi, na timu yake itasema watu wa mikoani hawajaielewa stendapu, yaani uchekeshaji wa mtu mmoja na maiki. Sisi tunaoandaa maonyesho haya hatuzikubali mpaka tuulize jambo moja: yule aliyekaa safu ya mwisho alilisikia neno la mwisho la kila kichekesho? Uzito wa kichekesho uko hapo. Neno hilo likimezwa na mwangwi, mtu anabaki na hadithi ndefu isiyo na mwisho, na hawezi kucheka kwa heshima ya tiketi.

Shoo nyingi Tabora hufanyika kwenye kumbi za harusi na mikutano, za hoteli au za vyuo. Kumbi hizi zina sakafu ya vigae, kuta tupu na madirisha makubwa ya vioo, kwa hiyo sauti inagonga na kurudi. Kabla ya kulipa kianzio, nenda ukumbi ukiwa mtupu, simama jukwaani, piga kofi moja kali kisha usikilize. Likiendelea kulia zaidi ya sekunde moja, una kazi ya kufanya. Dawa ya bei nafuu ni mapazia. Zungumza na wapambaji wa harusi wakukodishe vitambaa vizito, uvitundike kwa mikunjo kwenye ukuta unaotazamana na jukwaa. Kitambaa kilichovutwa kikanyooka hakisaidii sana. Mikunjo ndiyo inayonywa sauti. Pesa ya mapambo yanayong'aa nyuma ya mchekeshaji ihamishie huko.

Angalia na paa. Mvua Tabora hunyesha kati ya Novemba na Aprili, na kama ukumbi una bati lisilo na dari, hakuna spika itakayoshindana na mvua bila kuwaumiza watu masikio. Sisi tunapenda Juni hadi Agosti. Ni kiangazi, na ni kipindi ambacho wakulima wa Urambo, Kaliua na Sikonge wanauza tumbaku, hivyo fedha inazunguka hata mjini. Chagua Ijumaa au Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa sababu Tabora ni mji wa watumishi. Kwanza lakini ulizia kalenda za vyuo, maana wanafunzi wakiwa likizo unakosa wachekaji wazuri kuliko wote. Mwezi wa Ramadhani uuache kabisa. Ratiba ya Ligi Kuu nayo ikaguliwe: siku ambayo Simba au Yanga wanacheza usiku, usijidanganye.

Tukirudi kwenye sauti, fundi utakayemkodi amezoea harusi, na mazoea ya harusi yanaiua stendapu. Mwambie mapema, tena kwa maandishi, mambo haya. Mwangwi wa maiki uzimwe kabisa. MC wa harusi anaupenda, lakini unazifunika konsonanti. Besi zisihusike na maiki: kata kila kitu chini ya hezi 100 (hezi ni kipimo cha unene na wembamba wa sauti), na kama maneno bado hayachomozi, ongeza kidogo kati ya hezi 2,000 na 4,000. Spika mbili za inchi 12 zikae juu ya stendi, juu ya vichwa vya waliokaa, na ziwe mbele ya mchekeshaji. Zikiwa nyuma yake maiki itazisikia na mluzi utaanza.

Ukumbi wa mita 12 kwa 20 unahitaji spika nyingine mbili ndogo katikati ya ukumbi, za kuwahudumia walio nyuma. Hapa mafundi wengi huharibu. Sauti hewani husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo spika iliyo mita 10 mbele ya zile kubwa itatangulia kutoa neno kwa takriban milisekunde 30, na mtu wa nyuma atasikia neno moja mara mbili. Kama miksa, mashine ya kuchanganyia sauti, ina uwezo wa kuchelewesha, weka milisekunde 30 kwenye spika hizo. Kama haina, ziwe chini kiasi kwamba ukisimama nyuma hujui kama zinafanya kazi, lakini zikizimwa unagundua.

Maiki iwe ya kawaida ya kushika mkononi, si ya kubana kwenye shati. Ya waya ni salama zaidi, na waya uwe mita 10 au zaidi. Ukitumia isiyo na waya, weka betri mpya saa moja kabla, na ya waya isimame pembeni ikiwa imeshachomekwa. Mchekeshaji aishike vidole viwili kutoka mdomoni, na asikikumbatie kichwa cha maiki kama wafanyavyo wasanii wa hip hop, kwani hapo ndipo mluzi unapozaliwa. Jenereta iwepo, ijaribiwe ikiwa imebeba taa na spika zote, na ikae nyuma ya jengo, mbali na madirisha.

Jambo jingine ambalo DJ lazima aambiwe: asipige mlio wa kicheko wala ngoma baada ya kila utani. Wimbo wa sekunde kumi mchekeshaji anapopanda unatosha, kisha mikono itoke kwenye mashine.

Sasa viti. Ukumbi utakabidhiwa ukiwa na meza za duara, nusu ya watu wakilipa jukwaa mgongo. Omba meza zitolewe, viti vipangwe kwa safu. Safu ya kwanza iwe mita moja na nusu hadi mbili kutoka jukwaani, sentimita 90 kati ya safu na safu. Ukumbi ule wa mita 12 kwa 20, ukitoa jukwaa, njia na nafasi ya mitambo, unabeba watu kama 200. Kicheko huambukiza kwa ukaribu. Viti vitupu vikikatiza safu, kinafia hapo. Kwa hiyo panga asilimia 70 tu ya viti unavyotarajia kujaza, vingine vibaki vimebebanishwa nje, viongezwe kwa nyuma kadiri watu wanavyoingia. Jukwaa la nusu mita kwenda juu, mita 2 kwa 3, linatosha. Taa mbili nyeupe zimulike uso wake kutoka kulia na kushoto, na za kuzunguka rangi zizimwe.

Makochi ya wageni maalumu ndiyo vita yetu kubwa. Desturi inataka wakubwa wakae mbele katikati. Tatizo ni kwamba ukumbi mzima utakuwa ukiangalia visogo vyao: mkuu akicheka, nao wanacheka; akikaza uso, nao wanakaza. Wapeni heshima yao pembeni, safu ya tatu, karibu na mlango wao wa kutokea, wahudumiwe vizuri. Mbele wakae wanafunzi na vijana walionunua tiketi mapema. Kama kuna mgeni rasmi mwenye neno, azungumze dakika tatu mwanzoni kabisa, asipewe maiki kabla tu ya mchekeshaji mkuu.

Vibali vianze wiki nne kabla. Mchekeshaji na mwandaaji wawe wamesajiliwa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), kisha nendeni kwa Afisa Utamaduni wa Manispaa na polisi. Kuhusu haki za nyimbo zitakazopigwa, ulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Beba nakala za karatasi ukumbini, maana anayekuja kuuliza mlangoni hataki kutafutiwa picha kwenye simu.

Kwenye kutangaza, redio za mjini zinasaidia, ila gari la matangazo likipita Kanyenye, Ng'ambo, Isevya, Ipuli na Cheyo siku mbili za mwisho linaleta watu zaidi. Litoe sauti ya kichekesho chenyewe, sekunde 20, badala ya mtangazaji kupiga kelele "usikose, usikose".

Ukitangaza saa 12 jioni, anza saa 1 kamili. MC dakika 10, mchekeshaji wa Tabora dakika 12, mapumziko ya vinywaji dakika 15, kisha mchekeshaji mkuu dakika 45 hadi 50, na wahudumu wasipite na sahani akiwa jukwaani. Huyo wa Tabora alipwe kabla hajapanda. Yeye ndiye anayewaonyesha watu wasiojua stendapu, waliozoea vichekesho vya maigizo vya kina Mzee Majuto, kwamba mtu mmoja bila mavazi ya kuigizia wala kisa cha kuigiza anaweza kuwavunja mbavu.

Mchekeshaji mgeni afike siku moja kabla, azunguke sokoni, ale matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na karanga, asikilize watu wanataniana vipi. Vichekesho vya Dar, vya mabasi ya mwendokasi na foleni ya Mbagala, vipunguzwe. Baiskeli na miembe ya mji huu ataviona kwa macho yake. Akitaka kusalimia kwa lugha ya wenyeji, ajue kwamba "mwangaluka" ni salamu ya asubuhi. Akiwa Mzaramo ana ruhusa kubwa, kwa sababu Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi kwenda pwani. Asiye mtani atangulize kujitania mwenyewe. Utani wa uchawi, vikongwe wenye macho mekundu na watu wenye ualbino tunaukataza kabisa kwenye shoo zetu. Watu wameuawa kwa imani hizo katika kanda hii, na ndugu zao wanaweza kuwa ukumbini.

Suala la simu lisemwe na MC kwa upole mwanzoni: piga picha, lakini usirekodi. Kichekesho kikiingia TikTok usiku huo, mkienda Kigoma watakuwa wameshakisikia. Ninyi wenyewe rekodini sauti kutoka kwenye miksa, na simu nyingine ikae katikati ya ukumbi kunasa kicheko. Usiku uleule linganisheni. Penye kicheko kirefu, angalieni kama alikisubiri kishuke au alianza kuongea juu yake akapoteza sentensi iliyofuata. Kwenye kumbi za mwangwi hili hutokea sana, na dawa yake ni nusu sekunde ya subira.

Kwa wanaoendelea Kigoma kwa reli, msipange shoo kesho yake. Acheni siku nzima katikati, treni ikichelewa mwe na pa kujinyoosha. Kule ziwani kumbi zinategemea feni, kwa hiyo fanyeni majaribio ya sauti feni zote zikiwa zinazunguka.