Maswali ya Wasomaji: Kuchora Historia ya Matoleo ya Python

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa kompyuta katika shule ya sekondari wilayani Kondoa. Nimechora historia ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwenye karatasi ya manila kwa mstari mmoja wenye nukta, kila nukta ikiwa ni toleo. Wanafunzi wanahoji kwa nini toleo la 2.7, la Julai 2010, limekuja baada ya toleo la 3.0, la Desemba 2008. Nifanyeje ili waelewe?
Mwalimu, Kondoa

JIBU: Mwalimu, tarehe zako ni sahihi. Kinachowachanganya wanafunzi ni huo mstari mmoja, kwa sababu unaonyesha siku toleo lilipozaliwa bila kuonyesha liliishi hadi lini. Badala ya nukta, lipe kila toleo mstatili mwembamba unaoanzia tarehe lilipotoka na kuishia pale lilipoacha kuhudumiwa, kisha ipange mistatili hiyo mmoja chini ya mwingine juu ya mhimili mmoja wa miaka.

Hapo ndipo mstatili wa 2.7 utakapojieleza wenyewe, kwani utaanzia tarehe 3 Julai 2010 na kufika tarehe 1 Januari 2020, huku chini yake yakianza matoleo saba, kuanzia 3.2 hadi 3.8. Toleo la 3.0 lilivunja kwa makusudi upatanifu na programu za zamani. Kwa mfano, print, inayoonyesha maandishi kwenye skrini, ilikuwa amri ya kawaida, ikawa funksheni, yaani amri inayohitaji mabano baada ya jina lake. Programu nyingi zilizoandikwa kwa matoleo ya 2 zilihitaji kurekebishwa, na ndiyo maana ukomo wa 2.7, uliokuwa umepangwa kuwa 2015, ulisogezwa hadi 2020. Ningependa sana wanafunzi wauone urefu huo kwa macho kabla hawajaelezwa sababu yake.

Anza mhimili mwaka 2008 na utenge sentimita 4 kwa kila mwaka, nafasi zikiwa sawa hata pale pasipo na toleo. Toleo la kwanza la umma la 1991, la 1.0 la 1994 na la 2.0 la 2000 yanatosha kutajwa pembeni kushoto. Marekebisho madogo kama 3.8.1 yaache kabisa, maana yatajaza karatasi bila kuongeza maana. Wanafunzi wataona pia mwendo ukibadilika: 3.6 lilitoka Desemba 2016, 3.7 Juni 2018 na 3.8 Oktoba 2019, lakini kuanzia 3.9 la 2020 kila Oktoba ina toleo lake, na mistatili inashuka kama ngazi.

Ukiandaa tarehe hizo katika Excel, jihadhari na toleo la 3.10, kwa kuwa kompyuta italisoma kama desimali na kuliandika 3.1, na hata ukilihifadhi kama maandishi litapangwa kabla ya 3.2. Iweke namba iliyo kabla ya nukta katika safu moja na iliyo baada yake katika safu nyingine, kisha upange kwa safu zote mbili.