Jibu: Konokono wa magamba ya chuma ana undugu na wa kichocho?

Ndugu, umeuliza kama yule konokono wa bahari kuu mwenye magamba ya chuma ni jamaa wa hawa wanaobeba kichocho huku kwetu Dunga, Kisumu. Undugu upo, ila ni wa mbali sana: wote ni gastropoda (kundi la konokono na koa), basi. Wa ziwani ni Biomphalaria, familia ya Planorbidae, naye ana pafu la kuvutia hewa. Yule mwingine, Chrysomallon squamiferum, ni wa Peltospiridae. Hupumua kwa matamvua, na anaishi Bahari ya Hindi kwenye chemchemi za maji moto, kina cha zaidi ya mita 2,000. Hulishwa na bakteria waliomo ndani ya tezi ya umio wake!

Kinachonivutia zaidi ni rangi. Alipogunduliwa mwaka 2001 alikuwa mweusi kwa salfidi ya chuma (mchanganyiko wa chuma na salfa); baadaye, kwingine katika bahari hiyohiyo, wakapatikana weupe wasio na salfidi hiyo. Ungeapa ni spishi mbili, lakini ni moja. Maelezo yake rasmi yalichapishwa 2015. Tangu 2019 yumo kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN (orodha ya shirika la kimataifa la uhifadhi inayoonyesha spishi zilizo hatarini kutoweka), kwa hofu ya uchimbaji madini chini ya bahari, na mimi naiunga mkono hatua hiyo.