Kabla ya rangi, fuata maji

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mtu aliyenunua nyumba yake ya kwanza, akabakiwa na fedha kidogo, aanze na kazi gani? Jibu langu ni maji. Rangi na makabati vinaweza kungoja mwaka mzima bila kudhuru kitu. Maji yanayoingia ukutani hayangoji.

Piga hesabu hii. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20, ni lita 2,000, zote zikishukia ukingoni. Mfereji wa paa ukiwa umezibwa na majani, maji hayo humwagikia palepale penye msingi. Basi kabla ya mvua kuanza, simamisha ngazi mahali imara, zoa takataka, kisha mwaga ndoo ya maji kwenye ncha iliyo mbali na bomba la kushushia, uone yanavyokwenda. Mteremko wa milimita 2 hadi 5 kwa kila mita unatosha. Yakituama katikati, kishikizo cha hapo kimelegea. Na bomba lenyewe lisiishie mguuni pa ukuta. Liongezee kipande cha kuyapeleka maji mbali.

Ardhi nayo iinamie nje, ishuke kama sentimita 15 katika mita 3 za kwanza. Hapa wenye nyumba wengi hujiharibia wenyewe, kwa bustani. Wanarundika udongo ukutani ili maua yapendeze, bila kujua kwamba chini ya kuta nyingi za tofali kuna tabaka la kuzuia unyevu, ambalo kwa kawaida hukaa sentimita 15 hivi juu ya ardhi. Udongo ukilifunika, unyevu hulivuka na kupanda. Ndani utaona lipu imevimba, rangi inabanduka, na unga mweupe wa chumvi umejitokeza. Ukipaka rangi ya mafuta juu yake umelifungia tatizo ndani: maji yanakosa pa kutokea, yanatafuta njia juu zaidi. Ondoa udongo kwanza, bandua lipu iliyooza, kisha uache ukuta ukauke. Ukuta mnene hukauka kwa miezi, wala si kwa siku, na fundi akikuharakisha upige lipu mpya wiki hiyohiyo, mkatalie. Unyevu wa kutoka ardhini mara nyingi hauzidi mita 1 kwenda juu. Doa likiwa juu ya hapo, chunguza paa, dirisha au bomba lililofukiwa ukutani.

Bomba la namna hiyo likivuja, utalijua kwa mita ya maji. Funga koki zote usiku, andika namba, usitumie maji kwa saa 2, kisha soma tena. Namba ikiwa imesogea, kuna mahali panavuja. Anza na choo: tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi lake, usivute maji kwa nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa chini ya tangi hauzibi tena, na kuubadilisha ni kazi ndogo sana.

Itafute pia koki kuu, na kila aliyemo nyumbani aijue ilipo. Ifunge na kuifungua mara 2 kwa mwaka, maana isipoguswa hukwama, nawe utaligundua hilo siku bomba limepasuka. Ukikuta imegoma, usiilazimishe kwa spana. Mwache fundi bomba aibadilishe.

Mwisho ni nyufa, maana nyingi zina uhusiano na maji: udongo wa mfinyanzi huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na msingi husogea nao. Ufa mwembamba kama unywele mara nyingi ni lipu tu. Ufa wa mshazari unaoanzia kwenye pembe ya dirisha uwekee alama za penseli kwenye ncha zote mbili, andika tarehe, pima upana wake kila mwezi. Ukiona unaongezeka, umezidi milimita 5, au mlango wa karibu umeanza kukwama, usiuzibe. Mwite mhandisi wa majengo auone ukiwa wazi.