Mleta uzi, futa hiyo "kuanzia 15,000" kabla kalenda haijasambaa

Mkuu nimesoma uzi wako mpaka pale ulipoandika kwamba kwenye kalenda ya kujiandikisha madarasa yenu ya kushona mtaweka "ada kuanzia 15,000" halafu hela ya vitambaa, nyuzi na zipu mtu ataambiwa akishafika karakanani. Nikaishia hapo hapo, yaliyobaki nimeyapitia juu juu tu. Usifanye hivyo. Nakuomba kabisa. Hiyo ndo kalenda iliyotutoa jasho sisi, tofauti ni kwamba nyie ni cherehani na sisi ilikuwa mbao.

Karakana yetu ipo Dar, upande wa Temeke, ni ya jamii kama ya kwenu: meza za seremala, msumeno wa meza mmoja, mashine ya kuranda iliyochoka, na mafundi wa mtaani wanaokuja kufundisha wikiendi kwa posho. Mfadhili hatuna. Darasa linalopendwa kuliko yote ni la stuli, unaingia asubuhi mikono mitupu jioni unatoka na stuli yako umeipiga vanishi mwenyewe. Sasa ukijumlisha mbao, gundi, msasa, vanishi, umeme na posho ya fundi, kichwa kimoja kinakula 45,000. Tukaona aah, 45,000 ikikaa peke yake inatisha, tuigawe. Kwenye kalenda tukaandika "Ada 15,000", halafu huko ndani kwenye maelezo, baada ya historia ya karakana na maneno matamu ya kuinua vijana, tukachomeka "vifaa havijajumuishwa". Shilingi ngapi? Hatukuandika. Eti tutaelewana.

Na hilo wazo tulilipia hela, ndo kinachoniuma mpaka leo. Kuna jamaa anajiita mtaalamu wa masoko, tukaenda kwenye semina yake, akatuambia mteja akiona bei yote mapema anakimbia, mpe ndogo aingie, akishafika akaona mazingira ataongeza mwenyewe kwa sababu kashatumia nauli. Kashatumia nauli! Yaani mkakati mzima umesimama juu ya nauli ya daladala ya mtu, na sisi watu wazima tumekaa tunaandika kwenye daftari, mimi nilipigia mstari kabisa. Sasa nenda kaangalie tangazo la semina yake mwenyewe, bei imeandikwa kubwa kuliko jina lake, chai ndani, cheti ndani, ukifika mlangoni hudaiwi hata mia. Alikuwa anajua vizuri tu. Siku nikikutana naye Kariakoo atajibanza nyuma ya belo la mitumba, na nitasubiri atoke.

Ikafika Jumamosi ya darasa. Nafasi 12, zimejaa zote, tunajipongeza. Ijumaa jioni fundi kashakata mbao, miguu imeshachongwa, vipande vya kukalia vimeshapigwa randa, na kama hujui mkuu, mbao ikishakatwa hairudi dukani, muuza mbao hata salamu haitikii ukimrudishia. Watano kati ya wale 12 walikuwa wamepiga simu kabla kuulizia, wakaambiwa ukweli, wakatuma 45,000 yao yote kimya kimya. Saba wakaja na 15,000 kama kalenda ilivyosema.

Wa kwanza kufika ni mama mmoja katoka Chanika na kijana wake aliyemaliza form four. Hela kaiweka nyuma ya kava la simu, akatoa noti ya elfu kumi na ya elfu tano, akazinyoosha na kiganja juu ya meza pale penye vumbi la randa, akamsogezea dada yetu wa mapokezi. Dada akamwambia mama shikamoo, bado elfu thelathini ya vifaa. Mama hakupiga kelele. Aliangalia zile noti, akaangalia miguu ya stuli iliyopangwa pembeni, akauliza kwa sauti ya kawaida tu: "Marahaba mwanangu. Kwa hiyo hii elfu kumi na tano ni ya kuranda hewa?"

Walicheka mpaka mafundi. Mimi sikucheka maana nyuma yake kulikuwa na wengine sita na wote walikuwa wamesikia. Mpaka leo vijana wa bodaboda pale kona wakiniona wananiuliza "kaka, hewa ya leo laini?" na mimi najibu laini, karibuni, sina la kufanya.

Sasa sikiliza kilichotugharimu zaidi, kwa sababu aibu peke yake ningeimeza. Pale mlangoni tukapaniki. Kelele zimeanza, kuna mtu kashatoa simu anarekodi, mbao zimeshakatwa, fundi anatuangalia. Tukaamua: basi ingieni wote kwa hiyo 15,000. Tukajiona waungwana. Haikupita saa moja, wakati wa kupaka gundi, wale watano wakaanza kuongea na wenzao wa meza moja, we ulilipa ngapi, mimi kumi na tano, we je. Ukimya ulioingia mle ndani sitaki kuuelezea. Mmoja wao mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole sana, akaweka brashi chini akanifuata nje akaniuliza, "Kwa hiyo hapa kwenu aliyeuliza bei ndiye anayelipa?"

Hilo swali sikuwa na jibu lake na sina mpaka leo. Yule aliyepiga simu, akajipanga, akatuma hela yote kwa wakati, ndiye tuliyempiga. Aliyekuja kugomba mlangoni ndiye tuliyempa punguzo. Yaani tumewafundisha wateja wetu kwamba hapa ustaarabu hauna faida. Tukalazimika kuwarudishia wale watano 30,000 kila mmoja, tena na ya kutolea juu, maana mwalimu alisema na yeye alituma na ya kutolea, na alikuwa na haki. Piga hesabu: saba hawakulipa 30,000 hiyo ni 210,000, watano tumewarudishia 150,000, jumla laki tatu na sitini imekata siku moja, bila makato. Ilikuwa hela ya bledi mpya ya msumeno. Mafundi wakaendelea kukata kwa mkono, na mgongo wa fundi wetu mkubwa ndo mnaujua wenyewe ulivyo.

Na hawakutuacha hivi hivi. Kuna mtu akapiga skrinshoti ya kalenda yetu, ile "Ada 15,000" imeonekana safi, akaibandika pembeni ya meseji ya muamala wa 45,000, akarusha kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaa na maneno matatu tu: "Kumbe na hawa." Hakutukana, hakusema matapeli. Bora angetukana ningejibu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitaisema mpaka unichoke. Bei moja tu, ile ya mwisho kabisa inayotoka mfukoni kwa mtu, iandikwe MWANZONI mwa jina la darasa kwenye kalenda. Sio kwenye maelezo, sio kwenye fomu, sio "njoo inboksi" (hao wa njoo inboksi nao Mungu anawaona). Mwanzoni mwa jina. Nakwambia kwa nini. Chukua simu yako sasa hivi fungua kalenda ya Google uiweke kwa mwezi. Unaona nini? Vijiboksi vidogo, kila kimoja kinaonyesha herufi chache za jina la tukio zingine zimekatwa. Ukiandika "Darasa la Kushona Gauni kwa Wanaoanza – 40,000" mtu anaona "Darasa la", basi, na madarasa yako yote ya mwezi mzima yanasomeka "Darasa la, Darasa la, Darasa la". Ukiandika "40,000 Gauni" anaona hela kwanza. Maelezo hayaonekani mpaka abonyeze, na hata ile arifa inayolia kwenye simu yake kabla ya darasa inaleta jina na saa tu. Watu wetu wengi wanafungulia simu, tena simu yenye kioo kimepasuka, ukipanga kalenda kwenye laptop ya ofisini utajidanganya kwamba kila kitu kinasomeka.

Sisi sa hivi tunaandika hivi: "45,000 Stuli (mbao ndani)". Basi. Ndani ya maelezo mstari wa kwanza unasema hela hiyo inalipia nini, na wa pili unasema uje na nini kutoka nyumbani, yaani aproni na chakula cha mchana. Na ule wa "hakuna cheti", weka na huo, maana kuna watu wanadhani kila panapofundishwa ufundi ni chuo cha ufundi cha VETA, atakudai cheti jioni na utakoma. Mambo ya historia ya karakana tumeyapeleka chini kabisa huko asikosoma mtu.

Mdau hapo juu amesema bei ikianza mbele inafanya karakana ionekane kama genge la nyanya. Ndugu yangu, mama wa genge hana kesi na mteja hata mmoja, fungu bei yake unaijua kabla hujainama. Natamani tungeonekana hivyo siku ile.

Halafu kuna mtego mwingine humo humo. Darasa likiwa la kujirudia kila wiki, ukibadilisha bei kalenda inakuuliza unabadilisha tukio hili tu, hili na yanayofuata, au yote. Sisi baada ya lile sekeseke tukakimbilia kurekebisha na hasira zetu tukabonyeza yote. Ikabadilika mpaka ya miezi iliyopita, na mbaya zaidi watu waliokuwa wameshajiandikisha na kulipa kwa ajili ya wiki zijazo wakafungua wakakuta 45,000, simu zikaanza kumiminika, "mmepandisha?" Ukipandisha bei funga mfululizo wa zamani, anzisha mpya kuanzia tarehe ambayo hakuna aliyeshalipa, na waliolipa ya zamani waheshimiwe na ya zamani yao.

Kuhusu kulipia: usiweke namba ya simu ya mtu binafsi. Kwanza mambo ya "tuma na ya kutolea" yanarudisha kule kule kwenye bei mbili, umeandika 40,000 mtu anajikuta anatuma zaidi, na tangu zile tozo za miamala ya simu za 2021 Watanzania wote wamekuwa wahasibu, mtu anapiga hesabu ya makato kabla hajaandika namba ya siri. Pili, ujumbe wenye bei na namba ya mtu usiyemjua unafanana mno na zile meseji za matapeli za "ile hela tuma kwenye namba hii". Chukueni lipa namba (ile namba ya malipo ya biashara), na kwenye maelezo andikeni jina litakalotokea mtu akiingiza ile namba, herufi zile zile, aone jina limefanana ndo abonyeze. Sisi maswali ya "hii ni yenu kweli?" yamepungua sana.

Punguzo la wanachama na wanafunzi nimeona umeuliza. Kwenye jina weka ile kubwa. Mwanachama akija akakuta analipa pungufu atafurahi, ila ukianza na ndogo asiyekuwa mwanachama atakuja nayo mkononi na utarudi pale pale mlangoni. Na "bure" iwe bure kweli. Kama ni bure ila mtu anunue uzi wa buku mbili, hiyo si bure, hilo ni darasa la 2,000, andika 2,000. Wenzetu tulioshirikiana nao waliwahi kuandika BURE kwa herufi kubwa halafu wakakusanya "ya usafi" mlangoni, tuliwasikia kwenye magrupu yale yale.

Uliuliza pia sijui utumie programu gani, na mambo ya mtu aliyelipa asipotokea anarudishiwa vipi, na kitu kingine nimesahau. Programu yoyote tu mkuu, hata karatasi ukutani. Ya kurudisha hela waachie wengine humu, mimi nikianza na hayo presha itapanda.

Ila kabla hujafungua usajili, weka humu picha ya hiyo kalenda ikiwa imefunguliwa kwa mwezi kwenye simu ya kawaida, sio laptop. Kama naona "Darasa la" tena nitakuja na namba ya mtaalamu wangu wa masoko uongee naye mwenyewe.