Ukimsomea mtoto hadithi ya mashine, usiusahau mji wake

Jumamosi jioni baraza yetu hapa Mwanza hujaa watoto, wangu na wa majirani, na mimi ndiye anko wa vitabu. Wazazi wenzangu huniuliza kwa nini nawasomea hadithi za Wamarekani za miaka ya 1930 na 1940 wakati vitabu vya maroboti vipo tele. Ni kwa sababu mashine za zamani hazifichi kazi yake. Moto unachemsha maji, mvuke unasukuma pistoni, pistoni inazungusha gurudumu. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuichora hiyo. Mwambie achore kinachoendelea ndani ya simu uone.

Lakini si kila hadithi ya mashine inafaa, na kipimo changu siku hizi ni kimoja: je, mashine hiyo ina mji? Kuna watu waliosimama pembeni wakiitazama, wakiibishia, wakiitegemea, au wakila hasara kwa ajili yake? Kama hawapo, naweka kitabu chini.

Cha kuanzia ni Mike Mulligan and His Steam Shovel cha Virginia Lee Burton, kilichotoka mwaka 1939. Mike ana mtambo wa kuchimbia aliouita Mary Anne. Ni kijiko kama hivi tunavyovikuta kwenye ujenzi wa barabara, ila hiki kinakula makaa ya mawe. Vijiko vipya vya dizeli na umeme vikaja, kazi zikakatika. Mike akasikia mji mdogo wa Popperville unataka kujenga jengo la halmashauri, akaenda akaahidi kuchimba shimo la chini ya jengo kwa siku moja, na asipomaliza asilipwe. Watu wakaanza kutoka majumbani kuja kutazama, na kadiri walivyoongezeka ndivyo Mike na Mary Anne walivyozidi kuchapa kazi. Jua linazama, shimo limekamilika. Ndipo inagundulika kwamba wamesahau kuacha njia ya kutokea.

Hapo funga kitabu. Hata wakikulilia, usisome mbele. Waulize wao watakitoaje. Barazani kwetu mmoja alisema shimo lijazwe maji kijiko kielee. Mwenzake akamcheka kwamba chuma hakielei. Yule hakukubali: "Mbona meli ni chuma?" Wakabishana mpaka ikabidi tulete beseni, sufuria na msumari. Mwingine, ambaye baba yake ananunua skrepa, alikuwa na jibu la kibiashara: kikatwe vipande, kipimwe kilo, kiuzwe. Sikuwa na la kumpinga.

Kitabu chenyewe kinamwacha Mary Anne shimoni, jengo linajengwa juu yake, na boila yake, yaani tangi la kuchemshia maji, inabaki kulipasha joto. Hapo utalazimika kueleza kwa nini mtu apashe jengo joto, jambo ambalo mtoto wa Mwanza haoni maana yake mara moja. Kisha waambie kwamba wazo la mwisho huo mwandishi alipewa na mtoto, na kitabu kinamshukuru kwa jina. Wa kwetu waliposikia hivyo walitaka na majibu yao yaandikwe ukurasa wa nyuma. Tuliyaandika, la skrepa pia.

Kingine ni Homer Price cha Robert McCloskey, cha mwaka 1943. Humo mna sura ya mashine ya kutengeneza donati katika mgahawa wa mji mdogo wa Ohio, mashine inayokataa kuzima. Donati zinajaa kaunta, zinajaa dirisha, na katikati ya vurugu hizo bangili ya almasi imepotelea kwenye unga uliokandwa. Siwasimulii jinsi wanavyoipata. Chunguza tu namna mtu mmoja mmoja wa mjini anavyoingia mlangoni na ushauri wake. Aliyewahi kuharibikiwa na pikipiki karibu na kijiwe cha bodaboda anawajua watu hao.

The Little Engine That Could, cha mwaka 1930, kinapendwa sana na mimi sikipendi sana. Kinamfundisha mtoto kujipa moyo, sawa. Kuhusu injini hakisemi kitu.

Sasa tuje kwa Tom Swift, maana ukitafuta hadithi za uvumbuzi mtandaoni utakutana naye mapema. Mfululizo huu ulianza mwaka 1910 kwa kitabu cha pikipiki, ukaendelea na boti, ndege na kadhalika. Jina la mwandishi, Victor Appleton, ni la kubuni. Nyuma yake kulikuwa na kampuni ya Edward Stratemeyer iliyoajiri waandishi wa kuandika kwa mtindo mmoja. Mbio zake ni tamu, kijana wa kidato cha pili hakiachi. Shida ipo kwenye kitabu cha mwaka 1911, ambamo Tom anakuja Afrika kuwinda tembo kwa bunduki ya umeme aliyoibuni mwenyewe. Ndicho kitabu kilichokipa jina Taser, kile kifaa cha polisi cha kupiga mtu shoti. Waafrika wengi waliomo wamechorwa kama watu wa kutisha, na kule nyumbani kwa Tom kuna mtumishi mweusi aliyewekwa ili achekwe.

Usimpe mtoto mdogo kitabu hicho. Kwa kijana aliyekwishakomaa kidogo, sioni haja ya kukificha, ila msome pamoja na umpe swali moja la kushika njia nzima: nani humu ameruhusiwa kushika spana? Atajibu mwenyewe. Kisha mpeleke mwaloni Kirumba akamwone fundi wa injini za mitumbwi akiifungua injini mbele ya wavuvi, kila mmoja akiwa na neno lake. Huo ndio mji ambao Tom Swift hakuuona alipokuja huku na bunduki yake.

Mafundi ni msaada hata kabla ya kusoma. Mimi hupitia kitabu usiku uliotangulia, kwa sababu nasimulia kwa Kiswahili huku macho yako kwenye Kiingereza, na majina ya vyuma hunikwamisha. Kamusi hunipa neno ambalo hakuna gereji inayolitumia. Fundi hunipa linalotumika, na mara nyingi ananionyesha kitu chenyewe.

Baada ya vitabu viwili vitatu watoto watauliza hadithi ya hapa iko wapi. Anza na meli ya MV Victoria, ambayo leo inaitwa New Victoria. Tumia ujanja uleule wa kufunga kitabu: ziwa letu halina njia ya meli kutoka baharini, basi meli kubwa hivi iliingiaje? Waache wahangaike. Halafu waambie kwamba ilijengwa Scotland, ikafunguliwa vipande, vipande vikaja kwa meli hadi Mombasa, vikapanda treni hadi Kisumu, vikaunganishwa tena huko, na mwaka 1961 ikawa inabeba abiria. Reli ya kutoka Tabora iliyofika Mwanza mwaka 1928 nayo ina mambo yake, na daraja la Kigongo–Busisi, lenye kilomita 3 na lililofunguliwa Juni 2025, wameliona kwa macho yao. Hapo tena uliza ya mji: wauza samaki na mahindi ya kuchoma waliotegemea foleni ya kivuko wamehamia wapi?

Swali hilo ndilo lililonirudisha mimi mtu mzima kwenye riwaya za miji midogo. Cranford ya Elizabeth Gaskell, iliyotoka kwa mafungu kuanzia mwaka 1851, ni habari za akina mama wa mji mdogo wa Uingereza, chai zao na kuficha kwao umaskini, na mapema tu reli inawafikia na kumuua mtu waliyempenda. Main Street ya Sinclair Lewis, ya mwaka 1920, inamfuata mke wa daktari anayetaka kuustaarabisha mji wa Gopher Prairie, na mji hautaki. Ukiwahi kuhamia mji mdogo na mawazo yako mapya, utaisoma huku unaona haya. Riwaya hizi mbili na vitabu vya kwanza vya Tom Swift vimo bure katika Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, na faili za maandishi hazimalizi bando. Vya Burton na McCloskey bado vina hakimiliki. Vyangu nilivipata kwenye vitabu vya mtumba, na ushauri wangu ni uhesabu kurasa kabla ya kulipa.

Ila kama utasoma kimoja tu, kiwe cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Aliandika Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali kwa Kikerewe, akamaliza mwaka 1945, na toleo la Kiswahili, alilolitafsiri mwenyewe, likatoka Tanzania Publishing House mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Wapo wanaolalamika kwamba hadithi inasimama ili mwandishi aeleze pombe ya ndizi inavyotengenezwa, hatua kwa hatua. Kwangu hizo ndizo kurasa za kuwasomea watoto wa mashine. Utaalamu umo, vyombo vimo, na jirani wa kuonja na kutoa kasoro yumo. Ni kitabu kinene. Ruka, rudi, hakuna atakayekupa mtihani.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, nayo ni ya Ukerewe, lakini iliwahi kupigwa marufuku mashuleni na si ya darasa la sita. Huyo wa darasa la sita msimulie sura za mwanzo za Cranford, na umwandae kabla treni haijafika.