Jeki Haizai Fenesi: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Maneno ya Karakana

Barua zilizonifikia safari hii zinanuka grisi. Nyingi zinauliza juu ya neno la Kiingereza "jack", ambalo sisi tumelifanya jeki, na nyingine juu ya majina ya vifaa vya ufundi ambayo masikioni yanafanana na maneno mengine kabisa. Nimeyafupisha maswali, lakini sikuyabadilisha maana.

Swali: Mwalimu, kamusi yangu inasema "jack" ni jeki ya gari, tena ni jina la mtu, tena ni karata, tena ni bendera, tena ni tundu la kuchomekea waya. Hili ni neno moja au ni maneno matano? (Fundi magari, Morogoro)

Ni neno moja, na mwanzo wake ni jina la mtu. Jack ni jina la mkato la John, kama vile kwetu Mohamedi anavyoitwa Mudi na Abdallah akaitwa Dula. Kwa kuwa akina John walikuwa wengi mno Uingereza ya zamani, jina hilo likawa njia ya kumwita mwanamume yeyote asiye na cheo, hasa kijana wa kazi wa jikoni, wa zizini au wa melini. Baadaye, kila kilipobuniwa kifaa cha kufanya kazi iliyokuwa ya kijana huyo, kifaa kikarithi jina lake: kibao cha kuvulia mabuti, mtambo wa kugeuzia nyama juu ya moto, na hatimaye chombo cha kunyanyulia mizigo mizito.

Ukitaka kuiona maana hiyo kwa macho, mtazame utingo wa lori lililopasukiwa tairi katika barabara ya Iringa, mahali fulani baada ya Mikumi. Analala chali juu ya kipande cha boksi, anapapasa chini ya ekseli mpaka apate mahali pagumu, anatanguliza ubao ili chuma kisizame mchangani, kisha anaanza kupampu taratibu huku akiisikiliza ardhi. Pale chini wapo vijana wa kazi wawili, mmoja wa damu na mmoja wa chuma, na Kiingereza kilimwita wa chuma kwa jina la wa damu.

Karata yenye herufi J ina picha ya kijana mtumishi, ndiyo maana ikaitwa hivyo. Bendera ni ile ndogo inayopandishwa omoni mwa meli, kwa sababu neno hilo lilizoeleka pia kutaja kitu kilicho kidogo kuliko wenzake. Tundu la waya lilikuja mwishoni, pamoja na mitambo ya simu. Kiswahili nacho kina desturi iliyo karibu na hiyo, ila sisi hatutumii jina la mtu. Tunasema mtoto wa meza kwa saraka, na mtoto wa jicho kwa ugonjwa unaotia ukungu machoni.

Swali: Ikiwa ndivyo, je, "jackfruit" ni tunda la huyo Jack? Na "jackal" je? (Msomaji, Unguja)

Hapana, na hapa ndipo sikio linapotudanganya. Wareno walipofika pwani ya Malabar, kusini magharibi mwa India, walilikuta fenesi likiitwa kwa Kimalayalam "chakka", nao wakalitamka "jaca". Waingereza wakalipokea kutoka kwa Wareno, na kwa kuwa masikioni mwao lilifanana na jina walilolizoea tangu utotoni, wakaliandika kama jina hilo na kuongeza neno la Kiingereza la tunda. Hakuna kijana wa kazi yeyote humo. Neno letu, fenesi, halikupita njia hiyo: Wamarathi wa magharibi mwa India husema "phanas", na anayelitamka mbele ya muuza mafenesi wa Darajani hahitaji kuambiwa undugu uko wapi.

"Jackal", yaani mbweha, ni safari nyingine tena. Waajemi husema "shaghal", Waturuki "chakal", na Kiingereza kilikinga mkono kwa Waturuki. Basi jeki, fenesi na mbweha, ambao kwa Kiingereza huanza kwa mlio mmoja, wametoka Uingereza, Malabar na Uajemi, nao hawajuani.

Swali: Magazeti yetu huandika kwamba mradi fulani "umepigwa jeki" na serikali. Mwalimu wangu wa insha alinikata alama kwa kuutumia msemo huo. Nani ana haki? (Mwanafunzi, Eldoret)

Kwa heshima zote kwa mwalimu wako, mimi nisingekukata. "Kupiga jeki" kwa maana ya kuinua, kusaidia au kutia nguvu kumekwisha kukomaa, hasa katika Kiswahili cha Kenya, na ni sitiari iliyozaliwa humu humu mwetu: mtu aliyekwama husukumwa, lakini aliyedidimia hupigwa jeki. Kitenzi "piga" nacho kiko nyumbani, kwani tunapiga pasi, tunapiga randa, tunapiga deki. Ambalo ningelisahihisha katika insha yako ni kulitumia mahali ambapo hakuna kilichodidimia. Timu inayoongoza ligi kwa pointi kumi haipigwi jeki kwa kununuliwa mchezaji mpya. Huko ni kuongezewa nguvu tu.

Swali: Wingi wa jeki ni jeki au majeki? (Msomaji, Kigoma)

Zote mbili utazisikia. Mimi huandika "jeki hizi", kwa sababu vifaa vingi vilivyotoka Kiingereza vimekaa katika ngeli hiyo: spana hizi, pampu hizi. Lakini usiwacheke wasemao majeki, maana sarufi ya Kiswahili ina tabia ya kumtafutia mgeni nafasi ya kukaa hata kama hakuiomba. Bamba la kuzuia tope juu ya gurudumu liliingia na jina la "mudguard", likawa madigadi, na papo hapo watu wakaisikia ile "ma" ya mwanzo kuwa ni ya wingi, wakatoa umoja wake: digadi. Kibao cha kuamuru madereva wakae kushoto kikazaa kipilefti, na vikiwa viwili ni vipilefti. Ndivyo lilivyofanyiwa pia neno la Kiarabu "kitab", ambalo "ki" yake ni sehemu ya mzizi, na leo hakuna anayeshangaa kuona vitabu.

Swali: Nafundisha ufundi wa chuma. Wanafunzi wananiuliza kwa nini jiliwa, kile chombo cha kubania chuma, kwa Kiingereza liitwe "vice", neno ambalo pia ni uovu, na tena ndilo la makamu wa rais. Nimekosa jibu. (Mwalimu, Tanga)

Swali lako limenikumbusha mkasa. Miaka michache iliyopita nililetewa rasimu ya kijitabu cha mafunzo ya ufundi ili niipitie, na ukurasa wa pili nikakuta agizo hili: "Kaza kipande cha chuma katika makamu, kisha weka kingo zake kwenye faili." Mfasiri alikuwa amekusudia kusema kwamba chuma kibanwe kwenye jiliwa na kingo zake zipigwe tupa. Makosa mawili katika sentensi moja, na yote mawili ni ya maneno yanayofanana mlio. Nililicheka lile la kwanza, lakini la pili lilinitisha, kwa sababu linasomeka kana kwamba lina maana.

Kiingereza kina maneno matatu hapo, yote yakitoka Kilatini, na hayana undugu. La kwanza ni "vitis", mzabibu. Mzabibu hupanda kwa vikonyo vinavyojisokota, na Wafaransa wa kale walipoyaona meno ya parafujo yakizunguka chuma kwa namna ile ile wakaiita parafujo "vis", jina lililobaki nao hadi leo. Waingereza walilichukua, wakaita hivyo hata ngazi ya kuzunguka ndani ya mnara, kabla ya kulibakiza kwa kile chombo chenye taya mbili na parafujo nene katikati yake. Waambie wanafunzi wako wakizungushe kile kishikio cha jiliwa polepole, waangalie taya inavyosogea unywele kwa unywele, watauona mzabibu. La pili ni "vitium", kasoro, ambalo ndilo lililozaa uovu. La tatu ni "vice", maana yake badala ya fulani, mahali pa fulani, na ndilo lililomo katika cheo cha makamu na katika ule usemi wa "vice versa". Wamarekani wamejipunguzia tabu kwa kuliandika la jiliwa kwa s, "vise". Matamshi hayakubadilika.

Huku kwetu mafundi wengi husema vaisi, na sina ugomvi nao, ingawa jiliwa ni neno zuri linalostahili kusikika karakanani. Ila lipo jambo katika neno makamu ambalo siwezi kulipita. Kiarabu "maqam" ni mahali pa kusimama, na kwa hiyo daraja au cheo. "Qaim" ni mwenye kusimama. Zikiunganishwa, "qaim maqam" ni yule asimamaye mahali pa mwingine, cheo kilichojulikana sana katika dola ya Kituruki. Kiswahili kina nusu zote mbili, na kila moja imepewa ofisi yake: kaimu hushikilia kazi kwa muda, makamu ana cheo chake cha kudumu. Kwa hiyo Kilatini na Kiarabu, pasipo kuulizana, vilimwona msaidizi wa mkubwa kwa jicho lile lile, kuwa ni mtu wa mahali pa mwingine. Tanzania ina Makamu wa Rais. Kenya, chini ya Katiba ya 2010, ina Naibu Rais, na naibu nalo ni neno la Kiarabu, la mtu anayeshika nafasi ya mwenzake.

Swali: Umetaja tupa. Je, "file" ya chuma na "file" ya ofisini ni neno moja? (Karani, Mwanza)

Ni mawili. Tupa ya Waingereza ni neno lao la asili, la tangu zama za Kiingereza cha kale. Faili limetoka Kifaransa "fil", uzi, kwa sababu makarani wa zamani walitunza hati kwa kuzitunga katika uzi au waya, moja juu ya nyingine, kama samaki wanavyotungwa kwenye ukambaa. Ndiyo maana Waingereza husema pia kwamba watu wametembea "single file", yaani mmoja nyuma ya mwingine; nao wametungwa. Sisi tuna mtego wetu wenyewe, kwa kuwa "tupa" ni kifaa na tena ni amri. Fundi anayemwambia mwanagenzi "tupa tupa hiyo" anaeleweka tu kwa sababu ameshika kifaa kilichokwisha meno.

Swali: "Plane" ya seremala na "plain", uwanda, je? (Msomaji, Njombe)

Hayo ni ndugu kweli, wote ni wa Kilatini "planus", kilicho bapa. Si kila mfanano ni uongo. Randa yetu ni ya Kiajemi, kutoka kitenzi cha kukwangua, nayo imetuachia maranda sakafuni.

Swali: Mwanangu, mimi ni mcheza karata wa siku nyingi. Vijana wananiambia shupaza kwa Kiingereza ni "spade", yaani sepetu la kulimia. Sepetu limeingiaje katika karata? (Mzee, Lamu)

Shikamoo mzee wangu. Sepetu halikuingia kamwe. Karata za Waitaliano, Wahispania na Wareno zilikuwa na aina nne: panga, vikombe, dhahabu na marungu. Upanga kwa Kiitaliano ni "spada", na Waingereza walichukua jina hilo wakalibandika kwenye ile alama nyeusi iliyochongoka ya karata za Kifaransa, ambayo kwa bahati inafanana kidogo na sepetu. Basi kila Mwingereza anayecheza anadhani ameshika chepe kumbe ameshika upanga.

Na wewe pia umeushika, mzee. Wareno walikaa pwani yetu karibu miaka 200, kuanzia safari ya Vasco da Gama ya mwaka 1498 hadi Ngome ya Yesu ilipoanguka mwaka 1698, na hata baada ya kuondoka waliacha karata na majina yake. Shupaza ni "espadas", panga. Kopa ni "copas", vikombe, japo picha unayoiona ni ya moyo. Uru ni "ouros", dhahabu. Pau ni "paus", magongo. Turufu ni "trunfo". Barazani kwenu mnazitaja karata za Lisbon huku mikononi mmeshika za Paris, na mchezo unakwenda vizuri tu.

Swali: Spana nalo limetoka wapi, na "span" ya daraja inahusiana nalo? (Mwanafunzi wa uhandisi, Arusha)

Spana tumelipata kwa Waingereza, nao walilitoa kwa Wajerumani, "Spanner", kutoka kitenzi cha kukaza na kuvuta. Mwanzoni lilikuwa jina la ufunguo wa kukazia springi ya bunduki za zamani kabla ya kupewa kazi ya nati. Wamarekani hawalitumii, wao husema "wrench", kwa maana ya kusokota. Ile "span" ya daraja ni jamaa yake wa mbali, na maana yake ya kale ni umbali kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha mwisho mkono ukikunjuliwa, ambayo kwa Kiswahili ni shubiri moja. Si ile shubiri chungu ya dawa. Hiyo ni mgeni mwingine wa Kiarabu, aliyekuja kwa mlango wake.