Riali 400 za Maskati: nitie sahihi au niseme neno?

SWALI: Shikamoo Bi Mwalimu. Nina miaka 29, nafundisha Kiingereza na fasihi katika sekondari ya binafsi hapa Kilifi, mwaka wa sita huu. Nimepata kazi Maskati, shule inayosomesha kwa Kiarabu na Kiingereza. Mkataba ni wa miaka miwili, riali 400 kwa mwezi: 180 mshahara wa msingi, 140 posho ya nyumba, 80 usafiri na mengineyo. Rafiki yangu aliyeko huko ananiambia Mwingereza anayefundisha somo hilohilo analipwa 750, na nyumba kapewa. Wakala anataka nitie sahihi kabla ya Ijumaa. Mjomba naye ananionya nisiulize ulize, nitaikimbiza riziki. Nifanyeje? – J., Kilifi

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Mjomba wako simlaumu, maana hata mimi nilikwenda Maskati mwaka 2011 na woga huohuo. Mkataba nilitia sahihi nimesimama kwenye kaunta ya wakala, Mombasa, ukurasa wa pili sikuugeuza. Aliyenifumbua macho ni mhasibu wa shule, mama mzaliwa wa Unguja. Siku ya mshahara wangu wa kwanza aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akasema kwa Kiswahili chake cha Mjini: “Bi mdogo, hapa watu hawagombei jumla. Wanagombea msingi.”

Nami nakwambia hivyohivyo. Kiinua mgongo chako Oman kinahesabiwa kwa mshahara wa msingi peke yake, posho hazimo. Sheria ya kazi ya mwaka 2023 inakupa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka uliofanya kazi. (Mimi niliondoka 2022 nikapigiwa hesabu ya zamani, ya siku 15 kwa kila mwaka katika ile mitatu ya mwanzo. Bado inaniuma.) Kwa msingi wa 180, ukimaliza miaka miwili unaondoka na riali 360. Sasa waombe jumla ibaki 400 ileile, ila msingi uwe 280 na posho zote 120. Utaondoka na 560. Tofauti ni riali 200, na kwa kuwa riali imefungwa kwenye dola tangu 1986, moja kwa dola 2.60, hizo ni kama dola 520. Kwa mwezi shule haitoi hata baisa moja zaidi, kwa hiyo meneja hana sababu kubwa ya kukataa.

Huyo Mwingereza muache. Najua inakera, mimi nimewahi kulia chooni kwa ajili hiyo, kisha nikanawa uso nikaingia kipindi cha nne. Analipwa kwa ajili ya pasipoti yake, na wazazi wanaolipa karo wanapenda kumwona getini. Ila ukienda kwa meneja na hoja hiyo, jibu analo tayari, ameshawajibu wengi kabla yako. Nenda na kile kinachomkosesha usingizi yeye. Mwaka wangu wa pili walimu wawili walipanda ndege likizo ya Desemba wasirudi, na insha za madarasa yao nikazisahihisha mimi mpaka Machi. Machi hiyohiyo ofisi ikapitisha fomu ya kuuliza nani atarudi mwaka ujao. Nikaandika: nitarudi, na darasa la IGCSE, ule mtihani wa kimataifa wa sekondari, nitalichukua, kwa masharti haya. Msingi ukapanda kutoka 200 hadi 290, nikapata na tiketi ya kila mwaka. Nyumba nilinyimwa mwaka huo, na miaka yote iliyofuata.

Wewe basi waandikie shule wenyewe, si wakala, maana wakala halipwi kwa wewe kufikiri. Waambie umefurahi na uko tayari kutia sahihi. Wataje miaka yako sita, na matokeo ya KCSE ya wanafunzi wako kama yanatajika. Kisha omba mambo matatu, basi: msingi wa 280; tiketi ya kwenda na kurudi Mombasa kila mwaka badala ya mwisho wa mkataba tu; na idadi ya vipindi kwa wiki iandikwe. Hili la vipindi usilidharau. Mimi niliambiwa 24 kwa mdomo nikafundisha 30, na nilipolalamika nikaulizwa imeandikwa wapi. Wakikataa msingi, omba nyongeza ya mwaka wa pili itajwe kwa tarakimu ndani ya mkataba.

Wakikataa yote? Hapo ni hesabu yako na ya nyumbani. Riali moja sasa inazidi shilingi 300 za Kenya, lakini kwa riali 140 mimi enzi zangu sikupata chumba cha peke yangu mtaa wa Al Khuwair, hapo Maskati. Tulikaa wawili chumba kimoja, mtaa wa Ruwi. Ningekuwa wewe ningekwenda, kwa sababu moja. Zamani ukimaliza mkataba bila barua ya ruhusa ya mwajiri, ulikuwa hurudi kufanya kazi Oman mpaka miaka miwili ipite. Tangu Januari 2021 barua hiyo haitakiwi: mkataba ukiisha unahamia kwa mwajiri mwingine. Nyongeza ya maana wenzangu wengi waliipata kwa kuhama, sio kwa kubembeleza palepale. Kazi ya Kilifi usiiache mpaka uwe na nakala yenye sahihi ya pande zote mbili.

Na hiyo Ijumaa isikutie kiwewe. Oman wiki ya kazi ni Jumapili mpaka Alhamisi, Ijumaa ofisi ya shule imefungwa. Hiyo ni Ijumaa ya wakala. Andika leo usiku, Jumapili asubuhi watakuwa nayo mezani.